Nimemwita Mume Wangu Mwizi

Mpendwa mshauri Phanice, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, maana nimeshajicheka mwenyewe na haijanisaidia.

Mimi nimeolewa hapa Boito. Kwetu ni Chepseon, wazazi wangu ni Wakikuyu waliotoka Nyeri wakafungua duka pale, na mume wangu Kipkemoi ni Mkipsigis wa hapa hapa, kwa hivyo nyumbani lugha yetu ni Kiswahili, yeye na chake na mimi na changu, yeye Boito anaiita Poito na bibi yake anamwita pipi, na mimi nikisema lala yeye anasikia rara, na hatujawahi kukosa kuelewana. Mwaka jana alienda Uarabuni kuwa mlinzi. Simu yangu ni hii ndogo yenye tochi, ya mulika mwizi, na yeye hunipigia Jumapili baada ya kanisa, dakika chache tu, mbolea imefika, mama yuko aje, mtoto wetu Cherotich anaenda shule, haya, Mungu awe nanyi, amekata.

Basi msimu huu wa mvua, alasiri moja nikiwa nimejikinga kwenye kibanda cha kituo cha kupimia majani ya chai, kikapu bado mgongoni, simu ikalia na jina likatokea lake, Baba Chero. Mvua ilikuwa inapiga mabati na sauti ikatoka mbali sana, ikasema, "Mpenzi, hebu niambie, nyumbani kukoje?" Mshauri, huyo mtu hajawahi kuniita mpenzi hata siku ya harusi. Nilidhani upweke wa huko umemlainisha, nikamwambia. Nikamwambia ukungu umeshuka mpaka miti ya blugamu ya jirani imebaki vichwa tu, na mikono yangu imekunjamana kwa maji ya majani, na ng'ombe amezaa ndama ana baka jeupe usoni, naye akawa anasema, "Mm, endelea," na nikinyamaza anasema, "Halafu?"

Akawa anapiga karibu kila alasiri, saa ile mvua inapokuja, na mimi nikaanza kuipenda mvua, mimi ambaye huwa naitukana. Simu za Jumapili ziliendelea vile vile, mbolea, mama, amekata, nami sikuona ajabu, nikasema mtu ana siku za haraka na siku za moyo. Nilikuwa napita kwenye mistari ya chai kama mtu aliyelala macho wazi, mikono inachuma yenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, ukungu ukija nafikiri unatoka kule aliko, nikimaliza shamba sikumbuki nilianzia wapi. Nikamwambia mpaka ndoto ninazoota. Siku moja nikamtania, nikasema siku hizi unatamka Boito vizuri, Waarabu wamekunyoosha ulimi, akacheka, na kesho yake akasema Poito, nikafurahi sana.

Halafu Ijumaa moja akasema amepewa likizo, kuna tarakimu zimetumwa kwenye simu yangu, nimsomee ili ofisi imalizie tikiti yake ya kuja. Nikaanza kusoma. Mama mkwe alikuwa nami jikoni nyumbani, akasikia habari ya kuja nyumbani, akaninyang'anya simu akamwamkua mwanawe kwa Kikipsigis. "Chamgei?" Kimya. "Chamgei, Kipkemoi?" Simu ikakatwa. Mama mkwe akaniangalia akasema, "Huyu si mtoto yangu. Kipkemoi hawesi kuskia mimi na anyamase." Nilikuwa nimesoma nusu ya zile tarakimu, kwa hivyo sikuibiwa kitu.

Jioni hiyo mama mkwe akanieleza jambo ambalo sikulijua miaka yote hii, kwamba mtoto wao akizaliwa anaitwa majina ya wazee waliokwisha kufa, moja baada ya lingine, na lile analolipigia chafya ndilo lake, wanaita kurenet. Akaninong'oneza la mume wangu. Akasema akipiga tena muulize hilo, mwizi hawezi kulijua.

Jumapili jina likatokea tena. Mama mkwe alikuwa ameenda kwa wifi yangu Janeffer huko Kericho, niko peke yangu, hata salamu sikumpa, nikasema, taja jina lako la kurenet. Akasema, "Hiyo jina hatusemangi kwa simu. Na wewe ni nani? Pipi yangu hawesi kuniulisa hiyo." Nami nilishamfundisha mwizi kusema Poito, ningejuaje? Nikamwita mwizi, nikamwita mbwa, nikakata.

Tangu siku hiyo Jumapili zinapita na simu iko kimya. Na kuna jambo lingine ambalo naona aibu kuliandika. Mvua ikianza, nakaa kwenye kile kibanda na simu mkononi, na ninayemngoja si mume wangu. Namkosa yule mwizi, mshauri. Naogopa kwamba ndoa yangu imekwisha na kwamba labda ni mimi niliyetaka iishe. Nifanye nini?

Mama Chero, Boito

*

Mama Chero,

Pole sana. Sasa pole imekwisha, tuongee.

Simu yako inaitwa mulika mwizi. Mwizi amekuja mchana kweupe, na wewe badala ya kummulika umemvutia kiti akote moto. Jina linalotokea kwenye kioo si mtu, mama. Simu inaona namba, inatafuta jina ulilolihifadhi nayo, inakuonyesha, kazi yake imeishia hapo. Kuna wahuni wenye mitambo ya kupiga simu wakiwa wamevaa namba ya mwingine, jinsi mtu anavyoweza kuvaa koti la mume wako akabisha hodi. Namba hiyo waliitoa wapi sijui, lakini jiulize ni nani umempa, sokoni au kwingineko, maana sisi wanawake tukiulizwa kwa upole tunataja mpaka namba ya kiatu.

Na zile tarakimu ulizoanza kumsomea ndizo ufunguo wa laini yako na kila kilichomo. Hakuna tikiti ya ndege inayokatwa kwa ufunguo wa nyumba ya mtu. Anayeziomba ni mwizi, hata akiwa na sauti ya malaika, hata akisema Poito. Mama mkwe wako amekuokoa kwa neno moja. Mpelekee sukari, na umpe heshima yake.

Sasa huyu wa Jumapili. Mimi ni Mgusii, kurenet sina, lakini hili naliona kutoka huku niliko. Mwizi ukimuuliza jina atakutajia jina. Atabuni lolote, kwa sababu anataka uendelee kuongea. Huyu alikataa. Aliona jina la nyumbani ni zito kuliko simu, na akashuku kwamba wewe ndiye mwizi, kwa sababu mke wake hajawahi kumpokea bila salamu. Huyo alikuwa Kipkemoi mwenyewe, dada. Alikuwa anakulinda dhidi yako, nawe ukamwita mbwa.

Kuhusu kumkosa mwizi, hapo sikucheki hata kidogo. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta maneno yake matamu. Alisema mpenzi. Alisema endelea. Alisema halafu. Mengine yote, huo ukungu uliobakisha miti vichwa, huyo ndama, hizo ndoto, yametoka kinywani mwako wewe. Yeye alikuwa anachimba apate vya kukutegea, na wewe ukadhani anakupa. Unachokikosa ni kuulizwa. Hiyo si dhambi, ni njaa, na watu wa kazi ile wananusa mwenye njaa kutoka mbali. Usijiite mwanamke mbaya. Jiite mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea na mtu.

Ila usimwonee mume wako pia. Dakika zile chache za Jumapili anazikata kwenye chakula chake, na mtu mwenye dakika chache huuliza habari za mbolea. Mwizi alikuwa tajiri wa dakika kwa sababu alitegemea wewe ndiye utakayelipa.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Nenda Kericho kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho, waeleze yaliyotokea, wakubadilishie namba ya siri, kisha upite kituo cha polisi uandikishe. Kuanzia leo namba hiyo ikiita, hata ikiwa na jina la Baba Chero, acha ilie, halafu upige wewe. Ukipiga wewe, simu inaenda kwa mwenye namba. Ukiwa huko huko Kericho fika kwa wifi yako Janeffer, uombe simu inayoonyesha sura, na mama mkwe akae kando yako. Mwache mama aanze kumwamkua. Akishajibu, mwonyeshe uso wako uombe msamaha wa lile neno, kisha umweleze habari ya mwizi yote, pamoja na lile la mpenzi, na lile la kumkosa. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na usikate simu.

Akitulia, kuna jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Katika barua yako ndefu hivi nimejua rangi ya ndama na sauti ya mabati. Sijaona mahali hata pamoja ulipomuuliza mume wako analala wapi huko, anakula na nani, akiugua anamwambia nani. Muulize. Akisema yuko sawa, muulize tena, halafu unyamaze umsikilize mpaka simu iishe chaji.