Winchi Iliyomshika Shemeji

Nyumbani, chumba cha juu ya gereji
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimetulia, au baridi bado inakuandama? Sisi tu wazima. Mama anatembea vizuri, na ulimi wake unavyoujua, wenyewe haujazeeka hata siku moja.

Usishtuke kwa ninayokuandikia: shemeji yu hai. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma mbio mbio ukitafuta mwisho.

Unalikumbuka gari kuukuu la marehemu baba, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne? Ulipoondoka, kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Mjomba alilikata nyuma, akafunga winchi, mashine ya kukunja kamba ya chuma, na mkono wa kuinulia magogo, na sasa ndilo linaloburuta magogo kutoka msituni hadi barabarani. Dereva ni mimi. Cheka, kisha uendelee.

Jumatatu iliyopita mvua ilikuwa imelowesha kilima chote. Shemeji alitangulia kushuka na lori lililojaa magogo, mimi na mjomba tukamfuata. Kwenye kona, ukingo wa barabara ukamomonyoka. Lori likaserereka kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yakabaki yananing'inia juu ya korongo. Kichwa chake kiligonga ukingo, dashibodi ikabonyea, ikambana shemeji mguu.

Niligeuza gari, nikalielekezea lori mgongo. Mjomba akaruka chini, akafunga kamba ya winchi kwenye lori.

"Gia nzito, mwanangu! Ushike hapo hapo, usimwachie!"

Akachukua mtaimbo, akapanda mlangoni mwa lori kumchomoa shemeji. Mimi nikabaki peke yangu na usukani. Kwanza lori lilitulia. Kisha nikahisi gari letu linarudi nyuma, taratibu, tairi zinalima tope. Klachi ikaanza kunuka. Kila nikiongeza moto, tunasimama kidogo. Halafu tunarudi tena.

Shemeji akaona. Akapiga kelele, "Mjomba, ruka! Shemeji, kata kamba! Tusife wote!"

"Nyamaza!" nikamjibu. "Nikifika nyumbani nitamwambia nini dada?"

Kaka, sikuwa jasiri. Nilikuwa nalia, kamasi hadi mdomoni, na kweli mkono wangu ulikuwa umeshaigusa breki ya winchi. Ningeifungua tu, kamba ingejiachia, ningepona. Nikatazama mbele, maana ningetazama kioo, ningeifungua.

Gurudumu la nyuma la gari letu likagonga jiwe, likakwama. Basi. Jiwe tu, kaka, wala si ufundi wangu. Hapo ndipo mjomba alipopata nafasi ya kumchomoa, buti lake likabaki ndani. Walipofika barabarani, nikafungua breki ya winchi. Lori lilikwenda na magogo yake yote, na mshindo wake tuliusikia miguuni.

Kifundo cha mguu wa shemeji kimevunjika, daktari amekifunga.  Dada amemlisha uji kwa kijiko kama mtoto, ingawa mikono yake ni mizima.

Alhamisi tulirudi kilimani. Kazi haingoji woga. Kwenye kona ile niliiachia klachi ghafla, gari likazima. Nilidhani mjomba atashuka aendeshe mwenyewe. Hakushuka. Alivuta mlango wake, akahakikisha umefungika, akatazama mbele. Nikawasha tena.

Mama anakusalimu, na mjomba, na dada na wanawe. Shemeji anasema umwombee mguu. Wifi yangu mwambie nimemkumbuka. Mungu akufunike huko ugenini.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako