Nilicheka wa Kwanza

Mwenzangu, uko hewani? Nimemuumiza mjukuu wangu mbele ya watu.

Leo alihojiwa ukumbini kuhusu uchekeshaji na imani. Kazi yangu unaijua: nakaa mbele, yeye akimaliza kichekesho nacheka wa kwanza, watu wanafuata.

Mtangazaji akamuuliza, "Bado unasali?" Akajibu, "Nasali. Ila siku hizi ni kama naipigia simu iliyozimwa." Halafu akanyamaza kidogo, vilevile anavyonyamaza siku zote akimaliza kichekesho.

Nikacheka. Mimi, bibi yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kumbe hakuwa akitania. Alinigeukia. Akasema polepole, "Hata wewe, Bibi?" Wakacheka tena. Mtangazaji peke yake hakucheka. Alimshika bega, akazima kipaza sauti. Mungu ambariki.

Sasa amejifungia chumbani. Nimegonga mpaka vidole vinauma. Nikamwambia, "Mume wangu, nilidhani mzaha." Akanijibu, "Ndiyo maana sijawahi kukuambia."

Njoo, tafadhali. Nimekaa chini hapa mlangoni kwake, naogopa hata kukohoa, asije akadhani nacheka.