Nyuzi Kumi Uwanjani Zagayu

Jumanne, 8 Julai
Chanjo ya ng'ombe hadi mchana. Nimenawa na kunawa, mikono bado inanuka dawa. Kisha mazoezi. Ubao wangu wa nyuzi kumi umesimama kifuani, umefungwa kwa mkanda kiunoni. Hapa hakuna kucharaza kama gitaa. Unazigonga nyuzi kwa ncha za vidole, kushoto besi, kulia sauti ya juu, kila mkono na kazi yake. Leo mikono imegombana tena, palepale katikati ya wimbo wa kwaya aliokuwa akiimba mama yangu, niliougeuza kuwa jazi.
Mama Zuhura, mwenye nyumba, anasema napapasa kama mtu anayetafuta chawa. Nimecheka, lakini imeniuma.

Ijumaa, 11 Julai
Kabula, mwalimu ninayetaka kumwoa, amerudi kutoka kijijini kwao, Zagayu. Jibu la kaka yake ni lilelile: bado. Tangu baba yao afariki, Masunga ndiye mwenye neno. Akikataa, hakuna ndoa. Kabula hatamvuka, nami siwezi kumwomba amvuke.
Masunga ni manju, ana kundi lake la ngoma. Anasema hamwozi dada yake kwa mtu wa Njombe asiyemjua, na mtu anajulikana uwanjani. Basi nikapige huko Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye sherehe ya mavuno. Nimekubali hata kabla Kabula hajamaliza kusema. Kiherehere changu.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemuuliza Kabula kama nitapiga kabla ya kundi la kaka yake au baada. Amenitazama kwa huruma.
"Kwa pamoja," amesema.
Ndivyo wanavyoshindana huku. Pande mbili, uwanja mmoja, wakati mmoja. Watazamaji wanatembea kuelekea upande unaowavutia, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji wala alama. Mimi peke yangu na spika ya kuazima kanisani. Wao na ngoma zao zote.
Naogopa. Sina haja ya kujidanganya.

Alhamisi, 17 Julai
Leo mikono imepatana. Pale katikati nimepita bila kujikwaa. Nimekaa nikawaza: jazi ni kumsikiliza mwenzako na kumjibu. Nimepiga peke yangu miaka mingi mno, mwenzangu amekuwa mkono wangu mwenyewe.
Ofisini wananitania. Daktari, unakwenda kuchumbia au kutumbuiza? Yote mawili yamekuwa kitu kimoja.

Jumamosi, 19 Julai
Nimerudi. Vumbi hadi masikioni.
Mwanzoni watu walikuja kwangu. Wengi kweli. Kina mama walisogea karibu kabisa wakitafuta gitaa limejificha wapi. Mzee mmoja aliinama akachungulia nyuma ya ubao. Nilianza wimbo wa mama taratibu, besi ikitembea, kulia ikiimba. Nilijisikia mtu.
Ndipo ngoma za Masunga zikaanza. Spika yangu ikawa kama redio ya jirani. Watu wakaanza kunitoka, kwanza vijana, kisha kina mama, kwa heshima, kidogo kidogo. Kichwa kikaniambia pigana. Masikio yakakataa. Mdundo ule ulikuwa mzuri! Unachelewa kidogo, kisha unaruka. Mkono wa kushoto ukaufuata wenyewe, na wa kulia ukapata pa kucheza juu yake. Sijawahi kupiga vile. Nilifumba macho.
Nilipofumbua, uwanja mzima ulikuwa unacheka na kupiga vigelegele, na mbele yangu hakuna mtu. Wote walikuwa kwa Masunga. Naye alikuwa ameinua juu usinga wake wa mkia wa ng'ombe, ananielekezea mimi, anacheka.
Nimefungasha vitu nikaondoka. Kabula hakunitazama.

Jumapili, 20 Julai
Kabula amenieleza. Ukiuacha mdundo wako ukaufuata wa mpinzani, umesalimu amri. Ni kama kupiga magoti hadharani. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo mapema namna ile, tena huku akitabasamu.
Mimi nilidhani namjibu mwenzangu. Wao wameona mtu anajikabidhi. Nimeona aibu. Nimeshindwa, na ndoa imekwenda na maji.

Jumatano, 23 Julai
Masunga amekuja hapa Bariadi, kazini kwangu. Amenikuta joshoni naogesha ng'ombe, nimelowa hadi magotini. "Mwangaluka, shemeji," amenisalimu kwa Kisukuma. Shemeji!
Anasema alikuwa na hofu moja tu, kwamba mimi msomi wa kuja ningemdharau yeye, kesho nimdharau na dada yake. Sasa ameona. Mtu aliyemnyenyekea mbele ya Zagayu nzima hawezi kuwa na dharau. Tupeleke washenga. Na msimu ujao nipige nyuma ya kundi lake, mkono ule wa besi tu. Ule wa juu, amesema kwa upole, unachanganya watu.
Nilitaka kumwambia ukweli. Sikunyenyekea, nilikuwa nafurahia ngoma yake. Nimefungua mdomo, nikamshukuru. Furaha imenijaa, na chini yake kuna kitu kinachochoma kama jeraha dogo. Nimepewa mke kwa jambo ambalo sikulifanya.

Jumapili, 27 Julai
Mchana mtulivu. Kabula amekuja na rundo la madaftari ya wanafunzi wake, amesahihisha hadi amechoka. Nimemwambia yote. Amecheka mpaka kalamu imemdondoka.
"Kaka naye hajasema uongo," amesema. "Ulimsikiliza. Kwani yeye alitaka nini kingine?"
Sikuwa nimelitazama hivyo. Bado nalitafakari.
Kisha akaomba nimpigie wimbo wa mama, maana uwanjani hakuna aliyeusikia hadi mwisho. Nimefunga mkanda, nimeanza. Kabla sijafika katikati alikuwa amesinzia, shavu juu ya madaftari. Sikumwamsha. Nimepunguza sauti, nikapiga wimbo wote.