Mteja wa Rochdale

Oldham, Februari

Mdogo wangu Gareth,

Huku hatujambo. Mvua haijakatika, paka wa mama amezaa kabatini, na ofisi yetu ya ushauri wa madeni bado ipo chini ya kanisa, bure kama kawaida, na chai juu yetu.

Alhamisi nilikwenda tawi letu la Rochdale kushika zamu ya mwenzangu aliyeugua. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama yetu. Alikuwa amepanda basi mpaka mji wa pili ili asionwe na mtu anayemjua, akanikuta mimi.

"Samahani, nimekosea mlango."

"Kaa, mama. Unywe chai."

Benki inamdai ule mkopo wa gari lako, aliokudhamini kabla hujahamia Hispania. Hajawasha hita ya kupasha nyumba joto tangu Krismasi.

Kila mteja tunamuuliza kama ana ndugu wa kumsaidia, nami nikamuuliza. Akanitazama kana kwamba mimi ni karani asiyemjua.

"Nina mtoto wa kiume Hispania. Mambo yake mazuri, ila nisingependa asumbuliwe."

Mimi hakunitaja.

Basi sikusumbui. Nakusalimu tu kutoka sebuleni kwa mama, nikiwa nimevaa koti na glovu.

Dada yako,
Lorna