Uwanja wa Kupuria Ulezi

Jumanne, 9 Julai 2024

Naomba radhi kwa kimya cha tangu Pasaka. Nilishindwa kuandika kwamba Mathias alimvunja taya mkewe, mjukuu wangu Sharon, kwa mpini wa jembe. Sasa nimeandika.

Sharon anaishi kwangu, hapa Malangali. Taya limeunga, lakini haongei. Mlango ukigongwa, anajikojolea. Mwanamke mzima!

Jumatano, 10 Julai

Kikundi kimekutana uani kwangu. Wote ni wanawake waliopigwa na waume zao. Utaratibu ni wangu, mimi mwalimu wao, na sitaki uvunjwe: kwanza tunapura ulezi kwa fimbo, kisha kila mmoja anasimulia, mwisho tunaandika. Nikipiga makofi, fimbo zinaanza. Nikipiga tena, zinakoma. Asikome mtu kabla. Mwili umalize hasira yake ndipo mdomo ufunguke.

Josefina huyaita masuke kwa jina la marehemu mumewe. "Pole, baba watoto, leo unakuwa uji!" Sauda, mwenye duka la vitenge, alicheka mpaka ushungi ukamvuka.

Sharon alipura kimya. Kwenye karatasi yake aliandika neno moja: Atakuja.

Ijumaa, 12 Julai

Amekuja.

Tulikuwa katikati ya kupura. Aliingia na panga, ananuka pombe. Anamtaka mkewe, na sisi vizee tukae kando. "Shikamoo, bibi," akaniambia — huku anacheka! Sauda alijitia katikati. Mathias akamkata mkono.

Josefina akampiga fimbo ya kiganja. Panga likaanguka. Hapo ilitosha. Hapo ndipo ilinipasa kupiga makofi.

Sikupiga.

Walimpura. Ulezi, damu na meno juu ya turubai moja. Alimwita mama yake. Wawili walinitazama, fimbo ziko juu, wakingoja. Mikono yangu ilikuwa mapajani — ikabaki hapo. Wakaendelea. Sharon alikuwa akipiga kelele kuwashinda wote. Sauti yake! Nilikuwa naisikiliza.

Nilipopiga makofi, walikoma papo hapo. Utii kamili.

Jumapili, 14 Julai

Mathias hajazinduka. Sauda ameshonwa, vidole viwili havikunjiki. Polisi wamemchukua Sharon peke yake, kwa kuwa yeye ndiye mke.

Nimempelekea uji. Anaongea. Anasema amelala mahabusu, sakafuni, usingizi mzito kama wa mtoto. "Bibi, usiseme kitu. Sema ulikuwa jikoni."

Josefina alipita baada ya misa. "Mwalimu, wewe hukushika fimbo. Unajitafutia nini?"

Sikushika fimbo. Ni kweli tupu, na ni uongo. Wale wawili walingoja makofi yangu.

Kesho asubuhi nitaandikishwa maelezo kituoni. Gauni nimelipiga pasi. Turubai bado limetandikwa uani, kuku wanadonoa ulezi uleule. Sijawafukuza.

Nikishaamua kama nilikuwa jikoni, nitaandika.