Flashi ya Tatu Kwenye Mstari

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, Wandegeya yote ni matope, na mimi nimekasirika hata na chai.

Nilifungua duka langu la kuprinti nikakuta kompyuta haiwaki. Tuseme inawaka, lakini Windows haifunguki: skrini nyeusi, maandishi meupe mawili, basi. Ni kompyuta moja tu niliyo nayo, na wiki hii ndiyo wanafunzi wanakabidhi ripoti zao za mwisho. Ilibidi nipate flashi yenye Windows niisakinishe upya. Flashi hiyo ningeitengenezea wapi, na kompyuta ndiyo hiyo imekufa?

Njeri, Mkenya anayechora mabango chumba cha pili, akaniazima Mac yake. Akanionya, "Mama Furaha, hiyo usiipige makofi kama yako."

Sijawahi kuona mashine yenye adabu na kiburi kwa pamoja namna ile. Kila kitu kiko upande usio wake. Nilipakua faili ya Windows saa nzima, nikainakili kwenye flashi yangu, nikakimbia nayo kwenye kompyuta yangu. Haikuitambua. Kumbe kunakili hakutoshi, flashi lazima ifutwe na kupangwa upya kwanza. Nikafuta, nikapanga, nikaanza tena. Ikaenda vizuri, ikafika katikati, ikakwama: faili moja ni kubwa mno kwa mpangilio ule. Yaani Mac inakuachia upike hadi wali uive, ndipo ikwambie sahani ni ndogo.

Niliichomoa ile flashi nikaitupa mezani.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la dukani kwangu. Wateja hawapangi foleni kwa miguu. Kila mmoja anaweka flashi yake mezani, moja nyuma ya nyingine, halafu anakwenda darasani au kula. Flashi ndiyo inayosimama. Hatuandiki majina, nakumbuka tu nafasi ya kila mtu. Na karibu zote ni nyeusi, nyembamba, zenye kitanzi kidogo, kwa sababu sote tunazinunua soko la jumla la Kikuubo, pengine katoni moja.

Nilisoma kwenye simu jinsi ya kuikata ile faili kubwa vipande viwili. Unaandika amri kwenye kidirisha cheusi, na ukikosea nukta moja unaanza upya. Nilikosea mara nne. Ya tano ikakubali. Nikaokota flashi mezani, nikaichomeka, nikaifuta, nikaipakia. Saa nane kompyuta yangu ilifunguka ikiwa na Windows mpya, na nilicheza kidogo peke yangu, nakiri.

Nikaanza foleni. Ya kwanza, ripoti ya mifugo. Ya pili, barua za kuomba kazi.

Ya tatu ilikuwa yangu.

Niliifungua nikaona Windows iliyokwama katikati, ile ya asubuhi. Nikaangalia flashi iliyokuwa bado imechomekwa kwenye kompyuta. Hiyo ndiyo niliyoiokota nikaifuta. Nafasi ya tatu ilikuwa ya Nakato.

Nakato ni mwanafunzi; kwa miezi miwili alikuwa akienda Ggaba, kule ziwani, kuongea na wanawake wanaouza samaki. Sura ya mwisho ya ripoti yake ni maneno yao. Anakabidhi kesho adhuhuri.

Alikuja saa kumi, viatu vimejaa matope, anatabasamu. Na mimi, mama wa watoto watatu, mwimbaji wa kwaya, nikafungua mdomo nikasema flashi yake imekufa.

Sijui kwa nini. Ilitoka tu. Tena nikampa pole, nikaongeza kwamba hizi za Kikuubo ndivyo zilivyo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye benchi akasema, "Bambi, pole, ni makosa yangu. Mimi napenda ya rahisi." Sura nne za kwanza anazo kwenye barua pepe. Ya tano ilikuwa kwenye flashi ile tu. Akasema madaftari yake yapo hosteli, ataandika upya mpaka kuche. Akanipa pole kwa siku yangu mbaya, akaondoka kwenye mvua.

Siku nzima nimeitukana Mac. Haikufanya kosa hata moja. Iliniuliza kabisa kama nina hakika nataka kufuta kila kitu, nami nikabonyeza ndiyo bila kusoma, kwa hasira zangu. Windows mpya inafanya kazi vizuri kabisa, na kila ikifunguka naona aibu.

Sasa ni saa moja jioni. Nimefunga mlango, sijaenda nyumbani. Ninachapa haraka kuliko mtu yeyote mtaa huu. Akija na madaftari yake, yeye asome mimi nichape, tunaweza kumaliza. Lakini siwezi kumwita kama msamaria mwema, akae pembeni yangu ananishukuru kila ukurasa. Hapana. Hilo sitalibeba.

Nimempigia simu. Ameshika haraka, na kabla sijasema neno ameanza kunishukuru kwa vile nilivyomhurumia mchana.

"Nakato," nimesema, "flashi yako haikufa. Niliifuta mimi."