Fuawe ya Baba Haipo

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Amin kauza fuawe ya baba!

Nimeingia kibandani mwa uhunzi wa baba asubuhi kufagia, maana baba huenda akaruhusiwa hospitali wiki hii. Gogo lipo. Juu ya gogo – hakuna kitu. Alama ya mraba tu, nyeusi. Nikadhani wezi. Nikapiga ukunga mpaka koo likaniwasha. Amin akatoka chumbani na mswaki mdomoni, wala hakushtuka. Ndipo nikajua.

Eti jamaa wa skrepa alipita na guta. Eti chuma kilikuwa kimekaa tu. Kimekaa tu! Fuawe ya babu yetu, yenye kibonde ubavuni ambamo dole gumba la baba huenda lenyewe akiwa anawaza. Nikamuuliza, baba akirudi atafulia visu wapi, juu ya paja lako? Halafu akasema polepole, anatazama chini: dada, mimi sikudhani kama atarudi.

Nimeshindwa hata kumtukana. Mdogo wangu kamzika baba, na baba yuko Dar anakula uji kwa kijiko. Akilijua hili litammaliza. Siyo chuma – hilo neno.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Mikdad wa skrepa. Anasema ya baba ilipelekwa Dar siku ileile, saa hizi imeshayeyushwa, imekuwa nondo za nyumba ya mtu. Inna lillahi. Nimeombolezea chuma, Mungu anisamehe.

Kisha akanivuta pembeni, akafunua bati. Kipande cha reli! Kizito, uso umenyooka, kingeshika nafasi ya fuawe baba asijue. Nikakigonga kwa jiwe – ngiii! Sauti tamu. Mikdad ananong'ona, chukua haraka, mimi sijakuona. Hapo ndipo ningeondoka. Reli ni mali ya serikali, ukikutwa nayo huna pa kujitetea. Sikuondoka! Nimeinama niinyanyue, pikipiki ya polisi hiyo getini.

Nikaikalia. Wallahi nimeikalia reli, khanga nimeitandaza mpaka chini, na askari anamhoji Mikdad habari za nyaya zilizoibwa. Akanigeukia. Mama, vipi? Kizunguzungu, kaka. Akaniambia ninywe maji, nisikae juani.

Askari alipoondoka nami nikashika njia, mikono mitupu. Baba arudi anikute mahabusu? Hapana.

Alhamisi, 7 Novemba

Shangazi Dija, anayemuuguza baba, kapiga simu. Baba anarudi Jumamosi. Daktari kasema kazi nzito marufuku, na asishtuliwe, moyo wake bado haujakaa sawa. Na baba mwenyewe anauliza jambo moja tu: fuawe imefunikwa? Mvua za vuli hizi, isije ikashika kutu.

Shangazi kamjibu imefunikwa. Maskini, hajui. Sijamwambia.

Nimekwenda Mbegani kwa Yunus, fundi wa injini za boti. Nyuma ya karakana yake kuna kipande cha shafti ya meli kuukuu, kinene kama paja, juu kimekatwa kikanyooka. Nikamweleza ukweli wote, sikumficha. Akasikiliza, akafuta mikono, akasema: kichukueni, baba yenu ndiye aliyenifulia misumari ya boti yangu ya kwanza. Nikalia hapohapo mbele za watu. Amin alikuja na mwenzake wakakipakia. Njia nzima hatukusemezana.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumekisimamisha ndani ya gogo. Nikapiga. Du! Sauti ya mchi kinuni. Macho ya baba siku hizi yanaona ukungu mtupu, lakini masikio – masikio yale yanasikia mpaka unga ukimwagika.

Tukakitoa. Tukachonga tundu upya, tukaweka mchanga, tukakaza kwa pete ya chuma. Du. Tena. Du. Baada ya swala ya Ijumaa tukarudi, Amin hata kanzu hakubadili. Tukapunguza mchanga. Ngiii! Ileile ya fuawe ya baba! Amin akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikakumbuka kwamba nimemkasirikia.

Amin akaishika nyundo kubwa, akaipima mkononi. Zamani ilikuwa yake. Kwa baba kazi haina maneno: yeye hugonga kwa nyundo ndogo pale anapotaka, Amin hupiga palepale kwa kubwa. Ndogo inaita, kubwa inajibu. Mwaka jana Amin akaacha, akaenda kwenye bodaboda. Baba hakusema kitu, akawa anapiga peke yake. Sisemi kwamba ndicho kilichomuumiza moyo. Sisemi.

Jumamosi, 9 Novemba

Karudi. Kakonda, shati linamcheza mwilini. Nilimtandikia kitanda, hakukitazama. Fimbo yake hiyo, moja kwa moja kibandani. Baba, pumzika kwanza. Akasema: nimepumzika vya kutosha huko. Gonga, Saida.

Nikagonga. Ngiii!

Akatabasamu. Alhamdulillahi! Amin yuko mlangoni, nikamsikia akishusha pumzi.

Kisha baba akaweka kiganja. Dole gumba likashuka ubavuni, likitafuta kibonde chake. Likazunguka. Likazunguka tena. Ya Rabi – ya mviringo! Ya baba ilikuwa na pembe! Jana siku nzima tumehangaika na sauti, mkono wake tukausahau.

Hii si yangu, akasema.

Nikaanza kueleza. Akanyanyua fimbo kidogo, nikanyamaza. Yangu kaitoa nani? Nilitaka kusema wezi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Amin akaniwahi: mimi, baba. Lini? Wiki ile uliyopelekwa Dar.

Kiganja cha baba bado kiko juu ya chuma.

Kwa hiyo ulijua sirudi, akasema. Wala hakuuliza.

Na baba hakupaza sauti, afadhali angepaza! Akasema tu: Saida, kaweke chai.

Niko jikoni. Naandika juu ya goti ili mikono ipate la kufanya. Mlango wa kibanda wameurudisha. Sauti ya mtu siisikii hata moja. Niende? Aliponituma chai alitaka nisiwepo. Nisiende? Daktari alisema asishtuliwe. Amin, ukimliza baba leo

Ti.

Nyundo ndogo! Baba huyo. Daktari kakataza, lakini – ni yeye, hakuna mwingine anayegonga hivyo.

Ti.

Anaita. Kubwa haijajibu.

Chai inafurika, inazima moto, na ifurike.

Ti.

Jibu, Amin. Mdogo wangu, jibu basi!